Samaki msafishaji anakula lakini anazidi kukonda: nimlisheje?

Barani_Mld

Assalaam aleikum wote. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 350 hapa Malindi. Ndani mna kangaja wawili, kitatange mmoja, na yule samaki mwembamba mwenye mstari mweusi unaoanzia mdomoni, ukapita jichoni hadi mkiani, anayesafisha wenzake. Urefu wake kama sentimita 7. Chumvi ni 35 kwa elfu, joto linapanda na kushuka kati ya 27 na 29, amonia haionekani kwenye kipimo, nitrati 15.

Nawalisha mara mbili, asubuhi na magharibi: kamba waliokatwakatwa, pamoja na chakula cha punje cha dukani. Msafishaji anakimbilia chakula kama wenzake na haonekani mgonjwa. Lakini nyuma ya mashavu amebonyea pande zote mbili, na kichwa kimeanza kuonekana kikubwa kuliko kiwiliwili. Tena anamwandama kitatange, anamdonoa mpaka mwenzake anakwenda kujibanza nyuma ya pampu. Nimpe nini, kiasi gani, mara ngapi? Na je, anaweza kuishi bila kula vimelea vya samaki wenzake?

Kisima cha Shela

Waaleikum salaam kaka. Hamu anayo, shida ni ratiba na ukubwa wa vipande.

Huyo ni Labroides dimidiatus. Baharini anadonoa kutwa, tangu kupambazuke hadi jua lituwe. Alexandra Grutter alichunguza samaki hawa Lizard Island, Australia, na mwaka 1996 akatoa makadirio ya vimelea kama 1,200 kwa siku kwa msafishaji mmoja. Wengi ni vibuu vya Gnathia, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, wanaonyonya damu ya samaki na ambao urefu wao ni milimita chache tu. Basi huyu umbo lake lote ni la kupokea kidogo kidogo bila kukoma. Ukimpa milo miwili iliyoachana saa kumi, anashiba, chakula kinayeyuka upesi kwa sababu maji ni ya moto, halafu sehemu kubwa ya mchana anakula mwili wake mwenyewe. Hapo nyuma ya mashavu ndipo panapoanza kuonyesha.

Sasa msogelee kiooni wakati wa kulisha umtazame mdomo, usimtazame mwili. Kamba aliyekatwa kwa kisu cha jikoni hutoa vipande vya milimita 4 au 5. Atakibeba kipande, atakitema, atakifuata, atakibeba tena, mwisho kangaja anakuja kukimaliza. Ukiwa umekaa kwenye kochi unaapa kwamba amekula. Kilichoingia na kutoka hakihesabiwi. Kipande kinachomfaa hakizidi milimita 1 hadi 2.

Mlishe mara tano au sita, ukifuata taa za tangi. Mlo wa kwanza uwe ndani ya nusu saa baada ya taa kuwaka, na usiuruke hata ukiruka mingine, kwa sababu usiku kucha amelala ndani ya mfuko wa ute kwenye tundu la jiwe bila kitu tumboni. Baada ya hapo kila baada ya saa mbili au mbili na nusu. Wa mwisho uwe saa moja kabla ya taa kuzima. Usiku usimwamshe.

Kwa kila mlo, vipande kumi hadi kumi na tano vya ukubwa wa punje ya mtama uliosagwa nusu nusu vinamtosha yeye peke yake. Kidogo sana, ndiyo. Wanaoharibu maji ni wale wanaoongeza kiasi badala ya kuongeza mara.

Chakula chenyewe kitengeneze nyumbani:

Kamba wabichi walioambuliwa maganda, gramu 100. Ngisi, gramu 30. Mayai ya samaki mabichi, gramu 40. Ya mkizi ni mazuri sana, kaulize soko la samaki asubuhi kabla matumbo hayajatupwa. Uduvi wabichi ukiwapata, gramu 30. Mwani mkavu kipande kidogo, saga pamoja. Suuza vyote, saga kwenye blenda mpaka iwe rojo lakini isiwe maji. Chemsha mililita 60 za maji, epua, koroga jelatini gramu 10 mpaka iyeyuke, acha ipoe hadi uweze kutia kidole, ndipo uchanganye. Tia matone ya vitamini vya samaki kama unavyo. Mimina kwenye mfuko wa plastiki, ilaze iwe unene wa milimita 3, weka kwenye friza. Kata kipande, kikwaruze kwa upande mdogo kabisa wa kikwaruzio kikiwa bado kigumu.

Uduvi mkavu wa dukani una chumvi nyingi na mchanga. Ukilazimika, uloweke maji baridi nusu saa, ubadilishe maji mara mbili, kisha usage. Usiufanye ndio chakula kikuu. Dagaa usitie kabisa: mafuta yake yanatanda juu ya maji na kuzuia hewa kuingia.

Halafu ganda la chaza. Chukua ganda kavu, lisugue, lipake kipande cha chakula hicho ndani yake, upana wa sarafu ya shilingi kumi na unene wa ukucha. Kiache dakika mbili kishike. Liweke kila siku mahali pale pale, karibu na jiwe alilolifanya kituo chake. Hao ni samaki wa kituo: wana mahali pao na wateja huwajia, basi chakula kikija kituoni anakitambua mapema kuliko kinachopita kikielea. Zima pampu za mawimbi dakika kumi, wacha ya kichujio itembee. Toa ganda baada ya dakika ishirini, limeliwa halikuliwa.

Kuhusu vimelea: anaweza kuishi bila wao, bora akubali kula chakula cha mkono, na huyo wa kwako anakula tayari. Kazi ngumu ni kwa yule asiyegusa kitu. Na kitatange anaandamwa kwa sababu ya ute. Msafishaji anaupenda ute hata akiwa ameshiba, ila mwenye njaa haombi ruhusa. Ute ukitolewa kila saa ngozi inabaki wazi na magonjwa yanaingilia hapo. Akianza kula vizuri, kumdonoa kitatange kutapungua ndani ya siku chache. Kusipopungua, watenganishe.

Langoni

Mimi ningesema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: tangi la lita 350 lenye samaki watatu halina kazi ya kumpa huyu samaki. Hana wateja wa kutosha. Atawafanyia kazi wale wale watatu kutwa nzima mpaka awachubue.

Na walio nje ya uzi huu wanaofikiria kwenda kujichotea: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyowekwa tangu 1968, hakuchukuliwi kitu, si samaki, si jiwe, si ganda. Nje ya hifadhi, kukamata samaki wa mapambo ni shughuli ya leseni. Nunua kwa mwenye leseni, na umuulize amekaa naye siku ngapi na anamlisha nini. Mwambie amlishe mbele yako. Asiyekula mbele yako usimbebe, hata ukipunguziwa bei.

Angalia mdomo pia. Kuna samaki mwingine anayefanana naye kwa rangi na hata mwendo, Aspidontus taeniatus, ambaye kazi yake ni kung'ata mapezi ya wenzake. Msafishaji wa kweli mdomo uko kwenye ncha ya pua. Yule tapeli mdomo uko chini, pua imetangulia mbele. Mtazame kwa ubavu, huwezi kukosea.

Mwana Gongoni

Naunga mkono ganda la chaza. Ila kwa samaki aliyekwisha bonyea kama huyo, wiki ya kwanza ongeza chakula hai, kwa sababu kinachotikisika hakitemwi ovyo.

Artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi kali, ndio rahisi. Wako kwenye mabwawa ya chumvi huku Gongoni na Kurawa, ukiongea na wenye mashamba kwanza. Lakini wale wakubwa wa bwawani wanafika sentimita moja, ni warefu kwa mdomo wake, na tumbo lao mara nyingi halina kitu cha maana. Heri uangue mayai mwenyewe:

Chupa ya soda ya lita 2 iliyokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini. Lita moja na nusu ya maji ya bahari yaliyochujwa. Mayai robo tatu ya kijiko cha chai. Mrija wa hewa ufike chini kabisa kwenye kifuniko, mapovu yawe makali kiasi cha kutoacha mayai yatulie. Taa ya kawaida karibu yake. Kwa joto letu hili wanatoka ndani ya saa 24, mara nyingine mapema zaidi. Zima hewa dakika kumi: maganda yanaelea juu, watoto wanashuka chini na kujikusanya penye mwanga. Wanyonye kwa mrija, wapitishe kwenye kitambaa chepesi, uwasuuze kwa maji baridi kabla ya kuwatia tangini. Maganda yasiingie, hayameng'enywi.

Walishe ndani ya saa chache. Artemia mchanga anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho, na kila saa inayopita anapungua thamani. Ukitaka kuwatia mafuta ya samaki au mwani wa unga, subiri kama saa kumi baada ya kutoka, maana kabla ya kujivua gamba mara ya kwanza hawana mdomo wa kulia. Watu wengi wanawatilia chakula saa ile ile waliyotoka, chakula kinaozesha maji na Artemia wenyewe hawakukigusa.

Kwa muda mrefu Artemia peke yao hawatoshi. Ni daraja la kumfikisha kwenye ganda.

Barani_Mld

Shukrani sana ndugu zangu. Nimemtazama mdomo: kweli anatema. Mdomo uko kwenye ncha, kwa hivyo si tapeli. Nimebakiwa na matatizo mawili. La kwanza, ganda likitua tu kangaja wanalivamia, likawa jeupe ndani ya dakika moja. La pili, niko kazini saa mbili hadi saa kumi na nyumbani hakuna mtu mchana.

Kisima cha Shela

La kangaja linatibika kwa kizuizi. Tafuta wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya sentimita 2, ule wa kuzungushia bustani. Kata vipande, vifunge kwa nyuzi za kamba ya kuvulia uwe sanduku la sentimita 15 kila upande. Usitumie waya wa aina yoyote, unapata kutu na kutoa madini majini. Loweka sanduku usiku mzima kwenye maji matupu, kisha liweke kituoni na ganda ndani. Msafishaji wa sentimita 7 anapita kwenye tundu bila kugusa kingo. Kangaja mwenye mwili mpana wa kiganja anabaki nje akizunguka. Siku ya kwanza anaweza kuliogopa sanduku. Liache humo bila ganda hadi alizoee.

Na kabla ya kutia ganda, walishe kangaja upande wa pili. Bandika kipande cha mwani mkavu kwenye kioo. Wao ni wa majani, watashughulika nacho.

La kazini: milo miwili kabla hujatoka (mara taa zikiwaka, na tena unapofunga mlango), miwili au mitatu baada ya saa kumi. Pengo la mchana lijaze kwa mashine ya kulisha ya betri yenye punje laini kabisa, za mikroni 300 hadi 500 (kama theluthi hadi nusu ya milimita), zinazozama polepole. Iweke izunguke mara mbili, saa tano na saa nane. Jaribu kwanza siku ambazo uko nyumbani, maana mashine hizi zikipata unyevu wa maji ya chumvi hugandisha punje mdomoni, halafu siku moja humwaga zote kwa pamoja. Mdomo wa mashine usiwe juu ya mapovu.

Bi Kitatange

Kaka Barani, hakuna aliyegusia maji, na ratiba hii mpya itakuharibia maji kama hujajipanga. Milo sita ni milo sita hata ikiwa midogo. Pima amonia kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Badilisha asilimia 15 kila wiki. Kichungi cha soksi kibadilishe kila baada ya siku tatu, kisikae wiki nzima kikioza.

Ukichota maji ya bahari, chota maji yanapokaribia kujaa, mbali na mji. Hapo Malindi angalia msimu: Kaskazi ikivuma, tope la mto Sabaki linashuka kusini hadi ghuba ya Malindi, na mvua za Novemba na Desemba zikiwa zimenyesha bara, mto unamwaga kwelikweli. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, rudi na madumu yako matupu. Wakati wa Kusi tope huelekea zaidi kaskazini. Kila mara pima chumvi kabla ya kutumia, chuja kwa kitambaa kizito, uyaache na pampu ya hewa siku moja au mbili.

Na joto la 29 lishushe. Kila nyuzi inapopanda samaki anahitaji chakula zaidi na maji yanabeba oksijeni kidogo zaidi, kwa hivyo unalisha mara sita na bado hanenepi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hadi tatu. Kinachopotea kwa feni ni maji matupu, chumvi inabaki, basi jazia maji matamu yaliyosafishwa, usijazie ya bahari. Maji ya visima vya huku pwani mengi yana chumvi chumvi yake, pima kwanza.

Feni inahitaji tangi wazi, na huyu samaki anaruka. Funika kwa wavu wa matundu ya milimita 6. Ukiwa Lamu ndio kabisa, paka hawangojei uamke.

Mwana Gongoni

Nyongeza ya kupimia maendeleo, maana macho yanadanganya. Mpige picha mara moja kwa wiki, muda ule ule, kabla ya mlo wa kwanza. Mtazame kutoka mbele na kutoka juu. Ukimtazama baada ya kula utafurahia bure, tumbo lililojaa linaficha mgongo uliokonda. Unachotaka kuona ni mstari wa nyuma ya mashavu kujaa kwanza, kisha mgongo kuwa mviringo. Ikifika wiki tatu, anakula bila kutema na bado amebonyea, hapo fikiria minyoo ya tumboni. Mtenge peke yake, umtafute mtu anayejua dawa na vipimo. Dawa yoyote yenye shaba jihadhari nayo, samaki wa jamii hii hawaivumilii vizuri.

Mtaa wa Mkomani

Samahanini kuingilia. Kangaja wangu wana madoa meupe kama chembe za chumvi. Muuzaji amenambia nikanunue msafishaji, atayala. Ni kweli?

Kisima cha Shela

Si kweli, usinunue. Madoa hayo yakiwa Cryptocaryon irritans, kimelea kiko chini ya ngozi na si juu yake. Msafishaji hakifikii, anachoondoa ni ute uliokizunguka, na baada ya siku chache yeye mwenyewe ataugua. Kinakaa mwilini siku 3 hadi 7, kinadondoka, kinajifunga kwenye mchanga na mawe, kisha kinaangua na kutafuta samaki tena. Ukiona madoa yamepotea siku moja, yamedondoka, hayajapona.

Watoe samaki wote. Kila baada ya saa 72 wahamishie kwenye chombo kingine chenye maji mapya ya chumvi na joto lile lile, mara nne mfululizo. Chombo walichotoka kioshe kwa maji matamu, ukianike kikauke kabisa juani. Usihamishe jiwe, mchanga wala wavu uliolowa. Tangi kubwa liache bila samaki wiki 11, pampu na taa zikiendelea kama kawaida.

Langoni

Na ukitaka msafishaji baada ya hapo, wapo kamba wasafishaji, Lysmata amboinensis, wekundu wenye mstari mweupe mgongoni. Wanakula chochote kinachoanguka, hawahitaji milo sita, na wanakaa vizuri wawili wawili. Samaki kama kikande au chewa akiwamo tangini usihangaike, atamla usiku wa kwanza.